Rubani Aliyengoja Ruhusa: Nicodemus Okari Ongeri, 1956–1999

Wapendwa waombolezaji, kaka yangu Nicodemus Okari Ongeri alizaliwa Kendu Bay tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ongeri, fundi cherehani aliyehamia huku kutoka Kisii, na Mama Nyamusi, ambaye yuko nasi hapa.

Alisoma shule ya msingi Kendu Bay na ya upili Homa Bay, kisha mwaka 1977 akajiunga na chuo cha urubani Nairobi. Wenzake walipenda kupaa. Yeye alipenda pia somo walilolikimbia, sheria za anga. Akija likizo aliwafundisha vijana wa kanisa, Sabato mchana, kwamba ndege ina uraia kama mtu, na alama za nchi yake huandikwa ubavuni. Binamu yetu Sammy akamwuliza mtoto akizaliwa angani ni raia wa wapi.

"Hiyo hata mawakili wanabishana," alijibu. "Wewe mwambie mama yake angoje tutue."

Kanisa zima lilicheka.

Alipata leseni mwaka 1980. Kuanzia 1987 alirusha ndege ndogo ya kukodisha kutoka uwanja wa Migori, akibeba dawa, maofisa na wagonjwa. Hakuwahi kupakia kupita uzito. Ndege ikiwa na kasoro hakuruka, hata mkubwa akifoka, kwa maana kisheria rubani ndiye mwenye neno la mwisho.

Alimwoa Benta Nyanchoka mwaka 1985, Mungu akawajalia Phanice na Wesley. Linalofuata familia imeomba lisifichwe, kwa sababu sokoni limesemwa vibaya. Tarehe 23 Aprili 1996, Mong'ina, mdogo wake Benta aliyeolewa Tanzania, ng'ambo ya mpaka karibu na Ntimaru, alishikwa na uchungu wa kuzaa akatokwa na damu nyingi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Benta alikimbilia uwanjani.

"Baba Phanice, ni hapo ng'ambo tu. Mlete hospitali."

"Anga lile si letu," alimwambia. "Mataifa yalikubaliana tangu 1944, kila nchi ndiyo yenye mamlaka ya anga lililo juu ya ardhi yake. Nikitua kwa uwanja wa mpira bila ruhusa, wanaweza kuishika ndege, mgonjwa akiwa ndani."

"Na akifa?"

"Naomba ruhusa sasa hivi."

Aliomba kwa redio, akaomba kwa simu kupitia Nairobi, kisha akaketi ndani ya ndege akingoja. Ruhusa ilifika kesho yake asubuhi. Mong'ina alikuwa ameshafariki alfajiri, akiacha mtoto wa kike aliye hai. Kaka yangu aliruka, akatua, akamleta yule mtoto kwa Benta. Ndiye Dorine, waliyemlea kama wao.

Benta hakumtukana. Aliacha tu kula naye meza moja.

Tangu hapo marehemu alikwenda Nairobi mara kadhaa, na Dar es Salaam, kuwasihi wakubwa wa nchi hizi mbili wakubaliane njia ya haraka kwa ndege za wagonjwa. Kila mahali aliambiwa jambo hilo litajadiliwa. Sheria yenyewe hakuilaumu. Mwaka jana nilimwuliza kama siku ile ingerudi angeruka bila kungoja ruhusa.

"Sijui, Cephas," akasema. "Ningejua, ningelala."

Novemba 1998 aligunduliwa kuwa na kansa ya ini. Alitibiwa Kisumu, kisha Homa Bay. Benta ndiye aliyemwosha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani. Kama walizungumza habari za Mong'ina, hatujui, na hatutauliza. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Juni 1999, mke wake akiwa kando yake.

Ameacha mama yake, Nyamusi, mjane wake, Benta, watoto Phanice, Wesley na Dorine, nami mdogo wake, Cephas. Wako pia wakwe zetu kutoka ng'ambo, ndugu wa mume wa Mong'ina, waliovuka mpaka jana kuja kumzika. Tunawashukuru kwa kuja.

Mungu ampe ndugu yetu usingizi alioukosa miaka hii mitatu.