Mashine Iliyojiwasha Yenyewe

Shikamooni wazazi wangu. Nimeshika maiki kwa mkono wa kushoto, msione ni dharau. Wa kulia haupo.

Ndugu zangu, nilikuwa kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga, njia ya Mchombe. Mashine mpya, inaongozwa na kompyuta ndogo. Sasa umeme wetu mnaujua. Ukikatika, sisi wa mashine hatupumziki, ndiyo nafasi ya kuingiza mkono na kutoa pumba zilizokwama. Mashine za zamani tulizisafisha hivyo hivyo, kwa sababu hata umeme ukirudi zilimsubiri mtu aziwashe. Hii haikusubiri. Umeme ulirudi mkono wangu ukiwa ndani.

Niishie hapo, kuna watoto.

Nilirudi nyumbani Katindiuka nikawa mtu wa kulala nimegeukia ukuta. Wifi yangu ndiye aliyeniogesha na kunilisha, nami nikamlipa matusi. Mungu naye nilimnunia.

Akaja kijana aliyeandika draiva, ile programu inayoiambia mota izunguke au isimame. Akasema kompyuta ikiamka kabla haijaambiwa lolote, inafuata agizo la mwanzo. Yeye aliandika izunguke, maana wenye mashine walichoka kuwasha upya kila umeme ukikatika. Nikamwambia, "Toka, mwanangu, kabla sijakulaani."

Nyumbani tukaishiwa. Wifi akapata kibarua kijiji cha jirani, kwenye mashine kama ile ile. Nilimkataza, akanijibu, "Wifi, tutakula nini?" Akaenda. Nililala nikiwaza mikono yake, na nawaambieni, hofu ile ilinishinda kuliko kidonda.

Nikatuma mtu amrudishe yule kijana. Akakaa kwenye mkeka, akauliza, "Mama, umeme ukikatika huwa mnafanya nini?" Nikamweleza. Akainama, akalia kama mtoto. Hakuwahi kumuuliza mtu yeyote wa mashine.

Akaandika upya. Mashine ikiamka, isimame mpaka mtu abonyeze kitufe. Kihisi, kile kidude kinachoiambia kompyuta kama mfuniko wa mashine umefungwa, kisipojibu, ichukulie mfuniko uko wazi, isizunguke. Tukaenda kujaribu, nikaomba niingize mimi bua la muhindi pale ulipokuwa mkono wangu. Wakazima umeme, wakaurudisha. Kimya. Nikakaa chini kwenye pumba nikalia kwa hasira, maana kazi yenyewe ya kuirekebisha ilikuwa ya asubuhi moja tu.

Kijana akazunguka bonde lote akibadilisha mashine zilizobaki.

Nawashukuru jumuiya, mlileta kuni na mchele bila kuniuliza nitarudisha lini. Namshukuru kijana, alirudi mahali alipofukuzwa. Nanyi mnaotengeneza vitu, kitu kisipojua kinachoendelea, kisimame. Na waulizeni wanaokigusa kabla hamjakiwasha. Mkono wangu haukuota tena, wala sitawadanganya kwamba nimeuzoea.

Wifi yangu amekaa pale nyuma, jana alikuwa kazini. Wifi, simama. Nyanyua mikono yako yote miwili, watu waione.