Chai Aliyokunywa Paka

Sikilizeni wanangu, lakini kwanza fungeni mlango. Na wewe, mke wa mwanangu, uliyekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa tena, sogea mbele, maana maneno ya leo ni yako kuliko ya hawa wawili niliowazaa.

Mwaka mzima nimekuwa nikianguka. Nikiinuka kitandani macho yanaingia giza, najikuta sakafuni. Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kunywa chai yako, nikajiambia, ndiyo hii inayoniua. Kuanzia siku hiyo chai yako nilimmiminia paka wa jirani dirishani. Wiki mbili paka akanenepa, mimi nikaendelea kuanguka, na badala ya kukuondolea shaka nikamshuku hata paka. Nikakutoa humu ndani majirani wakiona, begi lako nikalipekua kwa mikono yangu. Ulisema tu, “Haya mama, baki salama.” Hata hiyo salama niliigeuzageuza nione umeficha nini ndani yake.

Juzi binti yangu alinipeleka kliniki ya sukari. Nesi akanilaza, akanipima presha, iko juu. Akaniambia simama, akapima tena, imeporomoka. Akaniambia vuta pumzi taratibu, toa, huku akitazama mistari ya moyo kwenye mashine. Akasema moyo hubadili mwendo mtu anapopumua, na hukaza mwendo anaposimama, lakini wangu unakwenda vilevile kama saa ya ukutani, kwa sababu sukari imekula mishipa inayoupa habari. Na figo zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Kisha akauliza, “Nyumbani anakupima nani?” Nikasema mwanangu. “Ukiwa umelala?” Siku zote, nikasema, hataki nisumbuke.

Mwanangu, usiangalie chini. Uliona namba kubwa ukaniongezea kidonge cha presha bila kumwuliza daktari wala mimi, nacho ndicho kikawa kinaniangusha nikisimama. Nilikuwa navihesabu. Nilinyamaza kwa sababu nilishapata wa kumlaumu. Nesi anasema ni kosa la watu wenye huruma. Labda. Lakini shuka langu mimi hulikunja kona nikiondoka, na mara mbili nimekuta kona imekunjuliwa. Hati ya nyumba haipo chini ya godoro, baba, iko kwa wakili. Nimekuzaa, nimekulea, na bado sijui kama ulikosea au ulikuwa na haraka.

Basi shikeni haya. Nyumba isiuzwe, mtaishi humu wote watatu. Cherehani yangu ni ya mke wa mwanangu, na atakayeuliza kwa nini, aulize paka. Dawa zangu atazishika yeye, mkebe mzima, na hakitaongezwa wala kupunguzwa kidonge bila daktari. Na wewe niliyekufukuza, nisamehe, mwanangu. Sijazoea kulisema neno hilo, usiniambie nilirudie.

Nachoka. Mungu awape afya, na awape macho ya kuangalia mnachofanya… Sitaki kuwabariki nikiwa nimelala. Mwanangu, leta ile mashine, unipime nikisimama, dada yako asome kwa sauti tusikie wote. Wewe ukishaifunga kaa hapo hapo. Mkono wa kuniinua atanipa mke wako.

Polepole… haya. Soma, binti yangu. Imeshuka, najua, giza lenyewe hili… Mke wa mwanangu, bado umenishika? Usiniachie.