Umbali Mmoja kati ya Themanini na Saba

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Jedwali, alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la baba la kushona nguo. Saa hiyo tunaijua kwa sababu alimsumbua mama mpaka akaitaja.

Alisoma shule iliyokuwa mkabala na duka, akamaliza sekondari mwaka 1981, kisha akaenda chuo kikuu kusomea fizikia. Baba alitaka awe muuguzi. Walinuniana mwaka mzima.

Mwaka 1989 aliajiriwa idara ya fizikia, chumba namba 14, chenye dirisha lisilofunguka. Humo, kwa miaka thelathini na mitatu, alitunza jedwali la galaksi ndogo zilizo jirani na yetu: umbali wa kila moja, mng'ao, mwendo, ukubwa. Alikusanya vipimo vya wenye darubini kila pembe ya dunia, akavihakiki kimoja kimoja. Pale ambapo hakuna aliyepima, aliacha wazi. "Kama hujapima, usiandike," alituambia, hata tulipobishana kuhusu chumvi ya mchuzi.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi redio. Mama mkwe alipomuuliza atazaa wangapi, alijibu kwa heshima zote, "Mama, hiyo bado haijapimwa." Ukumbi mzima ulicheka, mama mkwe akiwa wa mwisho. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2022 vidole vyake vilianza kulegea. Madaktari walipima kila kitu, wakabaki kutikisa vichwa. Kufikia Mei mwaka huu hakuweza kushika kalamu, na sisi tulichoweza ni kumgeuza kitandani na kumpangusa jasho.

Alasiri ya tarehe 2 Juni, homa ikiwa juu, alimwita mdogo wake, fundi cherehani, ambaye ndiye anayewasomea haya.

"Mdogo wangu, kuna umbali mmoja nimekosea. Lile vumbi la angani, lililo kati yetu nayo, sikulitoa kwenye hesabu. Andika."

Akataja galaksi, akataja namba. Mdogo mtu alidhani ni homa inayosema. Akachorachora mistari tu kwenye daftari la vipimo vya wateja.

"Umeandika?"

"Nimeandika, dada."

"Haya. Sasa nalala."

Alifariki kesho yake asubuhi, kabla chai yake haijapoa.

Baada ya siku mbili, mwenzake wa chumba namba 14, aliyesikia msibani kuhusu sahihisho hilo, alikuja kuiomba karatasi ile. Alipoona ni mistari mitupu, aliketi. "Hata jina tu hulikumbuki, kaka?" Jedwali lina galaksi themanini na saba, na watu wengi wanalitegemea. Umbali mmoja una kosa na hatujui ni upi. Nimejikamua kichwa, nimeshindwa. Mimi, ninayeandika kiuno na mabega ya kila anayeingia dukani.

Ameacha mama yetu mzazi, mume, binti, wajukuu wawili, na mimi.

Lala kwa amani, dada. Unisamehe. Sikuandika.