Shangazi wa Nyumba ya Majaribio

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini Juni, Shangazi anarudisha ufunguo wa nyumba ya majaribio na kustaafu, baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya utumishi. Sote tunamwita Shangazi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini. Hakuna aliyewahi kuuliza ni shangazi wa nani.

Aliajiriwa kampuni ikiwa bado inauza kengele za milango. Alipanda ngazi, akavuta nyaya, akapigwa shoti mara mbili na kuendelea na kazi huku akitucheka sisi tulioshtuka kuliko yeye. Kampuni ilipogeukia nyumba zinazojiendesha, alikabidhiwa kazi ambayo hatukuigombania: kupima violezo. Kiolezo ni maagizo yenye nafasi zilizoachwa wazi ambazo nyumba huzijaza yenyewe: jina la mkaaji, joto la chumba, idadi ya waliomo. Shangazi alizijaza kwa kila namna, kisha akatazama nyumba itafanya nini.

Nyumba hiyo ya majaribio iko mwisho wa korido: sebule, jiko lisilopikiwa, na chumba chenye kitanda ambacho hakijawahi kulaliwa. Humo ameshinda peke yake miaka kumi na mmoja. Saa mbili alikuwa baba anayeondoka kwenda kazini, saa nne mtoto anayeumwa, saa sita mgeni aliyesahau namba ya mlango. Mlinzi mmoja mgeni kazini alimsikia akiitakia sebule usiku mwema saa tatu asubuhi, akaandika kwenye daftari la zamu kwamba kuna familia imehamia.

Siku moja waya wa kipimajoto ulichomoka. Kiolezo kikasoma nyuzi mia moja ishirini na saba chini ya sifuri, na nyumba ikawasha hita zote. Mkurugenzi alikuwa sebuleni na wateja. Alivua koti, akavua tai, akaendelea kuisifia bidhaa huku jasho likimchuruzika. Tangu hapo Shangazi hakupitisha kiolezo chochote bila kukipima kikiwa na nafasi tupu. Waandishi wa programu walimwona msumbufu, na kusema kweli alikuwa msumbufu.

Kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa na kiolezo cha watu wanaoishi peke yao: mkaaji asiposogea kwa muda wa saa sita wakati wa mchana, nyumba impigie simu mtu wa kuarifiwa. Sita kati yetu tulikipima majumbani mwetu. Tuliandika wake, waume, mama zetu, na simu zote zikalia. Jumatatu iliyofuata Shangazi akaleta karatasi yake. Jumamosi alikuwa amelala na homa kutwa nzima. Aliandika hivi: “Mtu wa kuarifiwa: hayupo. Matokeo: kimya.” Tulirekebisha siku hiyohiyo, ili nafasi ikiwa tupu simu ilie kwenye dawati letu la zamu. Tulimpigia makofi kwa ujanja wake wa kuiacha wazi.

Haukuwa ujanja. Nililijua hilo mwezi uliopita, nilipokuwa nikihamisha kumbukumbu za wastaafu. Vifaa vyetu vilivyo nyumbani kwa mfanyakazi huacha kulipigia dawati la zamu siku anapoacha kazi, na nafasi ile ya Shangazi bado ilikuwa tupu. Tumekaa naye meza moja ya chakula miaka yote hiyo. Niliona aibu, na bado naiona.

Nilimwomba aandike namba yangu. Alicheka, akasema nina familia yangu, asije akanisumbua. Nilirudia mara tatu. Mara ya nne aliichukua, akaniambia atafikiria.

Jumapili iliyopita, saa nane mchana, simu yangu ililia: mkaaji hajasogea. Nilijua ni majaribio, maana namfahamu. Kwa hiyo nilimaliza kula, nikanawa, nikatafuta viatu. Nilipofika alinifungulia mwenyewe, mzima kabisa, miguu imekufa ganzi. Alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja tangu saa mbili asubuhi, akingoja kuona kama kuna atakayekuja. Alichukua kalamu akaandika mbele yangu: kiolezo kiko sawa, aliyearifiwa amechelewa dakika hamsini.

Shangazi, kwa niaba ya wote tunaokula matunda ya usumbufu wako, asante sana. Tunakuombea afya, siku ndefu na majirani wenye maneno mengi. Na namba yangu usiifute. Ikilia tena, nitaacha sahani mezani.