Kwa Nini Tunamuaga Mzee Kona Kantini

Wafanyakazi wote wanatangaziwa, kwa uzito unaostahili, kwamba sherehe ya kumuaga mchukuzi mkuu wa wagonjwa, aliyeitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja na anayestaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, imehamishwa. Haitafanyika tena katika ukumbi wa ghorofa ya tatu wenye mapazia na jukwaa. Itafanyika kantini, huku chini, kati ya friji ya soda na lile dirisha lisilofungika. Tangazo lililobandikwa mlangoni linasema ukumbi uko kwenye matengenezo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maandalizi na tangazo hilo nimelibandika kwa mkono wangu, kwa hiyo naomba msiliamini sana. Ukweli nitausema nikifika mwisho.

Kwa wale wageni kati yetu, wachukuzi ndio sisi wenye sare ya kijivu, tunaosukuma vitanda na kubeba machela kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji na kurudi. Mkuu wetu hakuanzia huko. Alianzia jikoni, akisukuma gari la uji, na waliokuwepo wanaapa kwamba ndilo gari pekee la uji lililowahi kufika wodini likiwa bado limejaa. Matroni wa wakati ule akaona kwamba mtu asiyemwaga uji hawezi kumwaga mgonjwa. Akamhamishia kitengo chetu, na hapo akaota mizizi.

Jina alilopewa na wazazi wake analijua karani wa masijala. Sisi wengine tunamwita Mzee Kona, kwa sababu kila akikaribia pembe ya korido hutamka "Kona", taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Madaktari wameiga. Wapishi wameiga. Kwenye harusi ya mhasibu wetu, maharusi walipokuwa wakiingia kwa mwendo wa madaha huku wakitazamana machoni, Mzee alitamka "Kona" sekunde moja kabla hawajaivaa meza ya keki. Bwana harusi akasimama wima kama askari. Keki ikapona, na ndoa nayo inaendelea vizuri.

Anazo kanuni zake, na wachukuzi wote tulio hapa tumezimeza kama dawa. Kupanda ngazi, kichwa kinatangulia. Kushuka, miguu inatangulia. Na ile kubwa kuliko zote: mgonjwa hawekwi chini katikati ya ngazi. Ukichoka, unasimama hapo hapo mpaka mwenzako aje akupokee. Mimi zilinichukua muda kuingia. Siku yangu ya kwanza kazini nilimsukuma mzee mmoja wa mguu uliovunjika hadi stoo ya mifagio, nikamtangazia kwamba tumefika eksirei. Mzee Kona alitufuata, akaitazama ile mifagio, akamwuliza mgonjwa kwa heshima zote kama picha imetoka vizuri.

Lakini nyumbani kwake hakuna Mzee Kona, kuna Babu tu. Aliyempa cheo hicho ni mjukuu wake wa kike, ambaye amelelewa na yeye na bibi yake tangu akiwa mdogo. Miguu ya binti huyo haikupata nguvu ya kumsimamisha, ila kichwa chake kilikwenda mbio kwa niaba ya mwili mzima. Alipomaliza shule ya msingi akasema anataka sayansi. Babu akasema sawa, kama vile ameombwa peremende.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mzee alizunguka shule za sekondari kila siku ya mapumziko, viatu vimepigwa rangi, shati limenyooshwa. Moja walimwambia vyoo vyao havifai kigari cha magurudumu anachotumia binti. Nyingine walimwambia watapiga simu, na nadhani hadi leo simu hiyo iko njiani. Aliporudi kazini Jumatatu tulimwuliza vipi, naye alijibu, "Bado shule ziko nyingi, jamani," kisha akachukua machela yake. Sikuwahi kumwona akigombana na mtu. Alikuwa anarudi tu. Shule ya ng'ambo ya barabara yetu alirudi mara nyingi mpaka mlinzi akawa anamwekea kiti.

Mwishowe mwalimu mkuu wa shule hiyo akakubali kwa shingo upande. Darasa la sayansi lilikuwa ghorofani, lifti hakuna, na yeye hakuwa na mtu wa kumpandisha mtoto.

"Mwalimu," Mzee akamwambia, "hiyo ndiyo kazi wanayonilipa pale ng'ambo. Kwako nitafanya bure."

Basi kila asubuhi akampandisha binti mgongoni, akarudi kukifuata kigari, ndipo akaja kazini. Mapumziko ya chakula aliyatoa sadaka ili jioni awahi kwenda kumshusha. Sisi tulidhani amepata mpenzi, maana alikuwa akifika anatokwa na jasho na kutabasamu.

Mengi yamesemwa kuhusu jinsi darasa lile lilivyokuja kushushwa chini. Wengine husema kulikuwa na maandamano. Nilikuwepo, na maandamano yenyewe yalikuwa ya watu wawili na machela. Asubuhi hiyo simu ya chumba chetu ililia, nikapokea.

"Shikamoo. Babu amekwama ngazini na mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa gani?"

"Mimi."

Mgongo wa Mzee ulikuwa umekaza katikati ya ngazi, haupandi haushuki. Binti alimwomba amweke tu chini, akamkumbusha kwamba yeye si mgonjwa. "Ukiwa mgongoni kwangu ni mgonjwa," Babu akasema, "na mgonjwa hawekwi chini katikati ya ngazi." Kwa hiyo akasimama, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na shule nzima ikasimama nyuma yake, kwa sababu ngazi zile ni nyembamba na yeye, tuseme ukweli, si mwembamba.

Tulivuka barabara mbio na machela, mimi nikitamka "Kona" hata pasipo na kona. Tukamkuta hataki kulala mpaka mtoto apokewe. Aliyekuwa karibu zaidi ni mwalimu mkuu, na tai yake. Mzee akamwelekeza hapo hapo, uso umekunjamana kwa maumivu: "Piga goti, mwalimu. Mikono nyuma. Usiiname sana, utanimwagia mtoto." Mwalimu akapokea, akageuka aanze kushuka.

"Juu," Mzee akamwambia. "Kipindi ni cha hesabu."

Mwalimu mkuu akapanda. Sisi tukamshusha Mzee, miguu ikitangulia, na tulipofika chini tulimsikia yule mwalimu kule juu akihema kama pampu ya baiskeli. Hakutoa hotuba. Wiki iliyofuata ofisi yake ilihamia ghorofani na darasa la sayansi likahamia ilipokuwa ofisi yake. Mzee alipopata nafuu alikwenda kukagua, akausukuma mlango na kuuachia. "Upana unatosha kigari," akasema. Kisha akanenepa, kwa kukosa mazoezi.

Binti sasa yuko chuoni, mwaka wa mwisho, anasomea kazi za maabara. Ijumaa atazungumza kwa niaba ya familia.

Mzee wetu, asante kwa kila uliyemfikisha salama, tukiwemo sisi wachukuzi uliotufikisha hata tulipokuwa hatuna habari kwamba tumepotea. Nenda kapumzike, ukae na bibi, ule chakula cha mchana kikiwa cha moto. Afya njema, na siku ndefu zisizo na ngazi.

Nimebakiza deni la kantini. Hakuna matengenezo yoyote. Ukumbi ni mzima, ila lifti ya jengo lile imekufa tangu mwanzo wa mwaka, na kamati ilipanga sisi vijana, mimi nikiwemo kwa hisani yenu, tumpandishe binti na kigari chake. Tulipomweleza Mzee alikubali haraka mno. Nilipaswa kushtuka mapema.

Jumanne mchana nilikuwa nateremka ngazi za jengo hilo, nikasikia mtu anatamka "Kona" peke yake. Alikuwa Mzee, gunia la mashuka ya kufuliwa mgongoni, jasho linamchuruzika. Nikamwuliza anafanya nini na mgongo ule.

"Napima," akasema. "Amekuwa mkubwa siku hizi. Nataka nijue kama bado nitamuweza. Mara hii moja tu."

Nikamwomba aliweke gunia chini tuzungumze. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kunifundisha kitu. Tulikuwa katikati ya ngazi.

Nikageuka, nikapiga goti, mikono nyuma, nikampokea. Nilipolifikisha gunia chumba cha kufulia, nilikwenda moja kwa moja kuandika lile tangazo la matengenezo.