Mama Aliyejifungia Nje

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu alikaa mama mwenye kitambulisho cha chuo kikuu shingoni, na kando yake fundi cherehani aliyepakata mashine yake, akitafuna karanga. Fundi alimuuliza anafanya kazi gani.

"Nasimamia usalama wa mtandao wa chuo, kaka. Wezi wanajaribu kuingia kutwa kucha, sisi tunawazuia."

"Basi matokeo ya wanafunzi wote unayaona."

"Nilikuwa nayaona. Binti yangu alipojiunga na chuo nikajiondolea ruhusa ya kuyaona. Neno la siri analo mwenzangu."

Fundi akaacha kutafuna. Hata mimi niliacha, na sikuwa na kitu mdomoni.

"Ungechungulia kidogo tu, nani angejua?"

"Hakuna. Ndiyo maana nilijifungia nje."

"Dada, wewe ni mzazi kweli?"

Simu ikamwokoa, au ikammaliza. Sauti ya msichana tuliisikia wote: "Mama, yanatoka leo. Niambie tu, nimefaulu?"

"Sijui, mwanangu. Kweli sijui."

Basi likasimama kwenye geti la chuo. Fundi, bado anatikisa kichwa, aliinuka na mashine yake yote kumpisha.