Kinga ya Astou Imekwenda Wapi?

Benchi langu liko Kaolack, ng'ambo ya lango la chuo cha wakunga. Mimi ni Fallou, muuza kahawa, na wanaonimalizia kahawa kila asubuhi ni wanne: Gora fundi nguo, tunayemwita Cherehani, Djibi mchomelea vyuma, yaani Cheche, Birane Farasi, mwenye mkokoteni wa farasi, na mzee Demba Ly, Hakimu, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kwa kesi ya mbuzi wa jirani. Siku tano Cherehani na Cheche hawakukaa pamoja. Wiki iliyopita Cheche alipata mtoto wa kike, wa kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa, na aliyempokea ni Astou, binti wa Cherehani, mwanafunzi wa ukunga wa mwaka wa mwisho. Cheche kwa furaha akatangaza kuwa mtoto ataitwa Astou. Siku ya pili yake mwanafunzi mmoja akakutwa na kifaduro. Darasa zima likapimwa damu, na kumi na mmoja wakaonekana kinga waliyochanjwa utotoni imekwisha, Astou akiwamo. Wakatolewa wodini, wakachanjwa upya, wakaambiwa wasubiri majibu ya vijiti vya puani. Cheche aliposikia, alisema jina la mtoto atatafuta lingine. Jana jioni majibu yalitoka: Astou hana kifaduro, na mtoto hana. Nilipowaona wanaume hawa wawili benchi moja tena, moyo wangu ukatua. Lakini kumpa mtoto jina ni kesho, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni jina gani.

— Mimina, Fallou, — alisema Cherehani. — Leo nimelala. Binti yangu kalala. Hata mashine ya kushonea imelala.

— Mke wangu kalia mpaka kaniloanisha kanzu, — alisema Cheche. — Mimi nikajifanya nimeingiwa na moshi.

— Moshi wa nini, jiko lilikuwa limezimwa? — aliuliza Birane.

— Niache, Farasi.

Hakimu akasafisha koo, na sisi tukajua kikao kimefunguliwa.

— Tumshukuru Mungu, sawa. Lakini swali liko palepale. Yule binti alichanjwa. Kinga imekwenda wapi?

— Alichanjwa, ndiyo, — alisema Cherehani, akatoa kadi iliyofungwa kwenye nailoni. — Tazameni. Mihuri mitatu. Miaka ishirini na mbili nimeitunza hii. Cheti changu cha ndoa kililiwa na panya, hii hawakuigusa.

Birane aliipokea kadi, akaishika juu chini, akatingisha kichwa kama anayesoma.

— Mimi nawaambia, chanjo ni kama kiatu cha farasi. Unakipiga vizuri, misumari yote, halafu kinalika. Yule binti anatembea kwa miguu kila siku mpaka chuoni. Kimelika.

— We kila kitu farasi, — alisema Hakimu. — Ukifa tutakuzika na hatamu.

— Afadhali mimi nitazikwa na kitu. Wewe hata meno hutakwenda nayo.

— Sikieni, watoto. Mwili ni ghala. Yule binti kajaza humo mifupa mia mbili na sita, kila mmoja na jina lake la Kifaransa. Kinga ingekaa wapi? Wahenga walisema elimu ni bahari. Na bahari ikijaa, inaosha kila kitu.

— Hawakumaanisha hivyo, mzee, — nilisema.

— Wewe ulikuwepo walipokuwa wanasema? Mimina.

Nikamimina.

— Basi na mimi niseme, — alisema Birane. — Ni kusuka. Binti anasuka nywele kila Ijumaa. Kichwa kinavutwa, kinavutwa, kinga inatokea juu.

— Na wavulana wa darasa lile? — aliuliza Cherehani. — Watatu wamo kwenye orodha. Nao wanasuka?

— Hao ni kunyoa. Mlango umeachwa wazi.

Hapo hata Cheche alicheka, na ndiyo kicheko chake cha kwanza tangu orodha ile ibandikwe langoni. Hakimu hakupenda kunyang'anywa uwanja. Akashusha sauti, tukainama wote.

— Kumi na mmoja. Hamjashtuka? Hiyo ni timu ya mpira. Kinga ya timu nzima haiwezi kupotea hivihivi. Kuna mtu anayo.

— Nani?

— Mwalimu wao, yule mfupi mwenye miwani. Miaka sitini sasa, na vumbi lote hili la Kaolack. Nani kati yenu amewahi kumwona akipiga chafya?

Tulifikiri. Kweli hakuna aliyemwona.

— Anawachoma kuwapa au anawachoma kuwatoa? — aliendelea Hakimu. — Siku ile damu zilibebwa kwenye sanduku lenye barafu. Barafu ya nini kama si ya kuhifadhi mali?

— Duh, — alisema Birane.

— Mficha uchi hazai, — alimalizia Hakimu, na mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Cherehani aliichukua kadi yake, akaifunga tena taratibu. Alikuwa hacheki tena.

— Nyie mnatania. Binti yangu siku tano hakutoka chumbani. Alikuwa ananiuliza, baba, kama yule mtoto akikohoa nitafanyaje? Wanawake wa mtaani wakabeba watoto wao wakavuka barabara. Msichana hajakohoa hata mara moja.

— Gora, — alisema Cheche.

— Sisemi wewe.

— Ni mimi. Niseme tu ni mimi. Miaka tisa, Gora. Nilikuwa nakaa na yule mtoto usiku nasikiliza anavyopumua. Niliogopa mpaka nikawa mjinga.

 Mimi nilipangusa birika ambalo halikuwa na uchafu wowote. Nilitaka amalizie, aseme jina, lakini aliinamia kikombe chake, na neno likabaki hapo.

— Assalaam aleikum, — ilisema sauti nyuma yetu.

Cheche aliruka, kahawa ikamwagikia suruali. Alikuwa mama mkwe wake, Mama Ngom wa Fatick, na furushi lake kichwani na kuku wawili mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

— Waleikum salaam, mama. Karibu. Mbona hukupiga simu nije kukupokea?

— Nimepokelewa na maneno yenu. Tangu mifupa ya Kifaransa nipo hapa.

Hakimu akanyooka. Yeye ni Mtukulori, Mama Ngom ni Mserere, na makabila hayo mawili yana utani tangu mababu.

— Mserere ameingia mjini, — alisema. — Fallou, ficha sukari.

— Mtukulori bado yupo hai? Nilidhani njaa imewamaliza. — Akashusha furushi, akakaa katikati ya Cherehani na Cheche. — Haya. Kesho nani anamnong'oneza mjukuu wangu jina sikioni?

— Mimi, — alisema Hakimu. — Nimenong'oneza nusu ya mtaa huu.

— Mdomo wako kwenye sikio lake.

— Ndiyo desturi.

— Na wewe ulichanjwa lini?

Hakimu alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Mama Ngom akamgeukia Birane, Birane akatazama farasi wake. Akamgeukia Cheche, ambaye kila usiku alikuwa anampumulia mtoto usoni. Cheche alishika shingo yake. Nikashukuru kuwa mimi nina birika la kuangalia, lakini alinifikia na mimi. 

— Na wewe je, Mserere? — aliuliza Hakimu kwa sauti ndogo.

— Mimi sijui. Utotoni sijui, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza. — Alitazama kuku wake kidogo. — Kwa hiyo mjukuu niliyemngoja miaka tisa nitamtazama kutoka mlangoni, mpaka hao wa chuo watuchome na sisi na siku za chanjo kushika zipite. Imeniuma, lakini nitasimama hapo.

 Hakimu alivua kofia, akaivaa tena.

— Basi na mimi nitalisema jina nikiwa uani, — alisema. — Nitalisema kwa nguvu. Masikio anayo.

— Na mtoto atabebwa na nani? — aliuliza Birane. — Lazima mtu ambebe.

Cheche alipitisha mkono nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake, akauweka begani kwa Cherehani.

— Atabebwa na aliyepimwa. Mwambie Astou aje mapema, kabla ya uji wa sherehe. Somo wake, mtoto mwenye jina lake, anamngoja.

Cherehani alisimama. Alinirudishia kikombe kikiwa kimejaa, akavuka barabara kwenda langoni kumtafuta binti yake.